Chokaa, Ndimu na Macho ya Babako

Rukia mwanangu,

Assalaam aleikum. Barua huanza kwa kujuliana hali, lakini yangu unaijua, maana mchana huu umeniona nikilifunga sanduku lako kwa kamba baada ya zipu kukatika. Na yako naijua. Umevaa buibui jipya, umetoka kuwaaga jamaa nyumba kwa nyumba, na kila nyumba watakulisha, kwa hivyo hutarudi kabla ya Maghribi. Nina saa mbili, pengine tatu. Nimechukua daftari lako la kemia la kidato cha nne, nikachana kurasa za nyuma ambazo hukuziandika. Babako yuko barazani anasokota kamba. Amenisikia nikichana karatasi, ila hajauliza.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala sabuni, wala kutoazimana taulo na watu. Hayo nimekuimbia mwezi mzima mpaka ukaniambia, "Mama, nakwenda Mombasa, siendi mwezini." Barua hii ina jambo moja tu, na ningekuwa na moyo ningekwambia kwa mdomo. Sina. Kila nikikaa nawe ili niliseme, najikuta nasema habari ya samaki.

Jambo lenyewe ni macho ya babako.

Juma lililopita ulikuwa unamkata kucha, mimi niko jikoni napaa samaki. Mlidhani sisikii. Ulimwambia:

"Baba, nikimaliza uuguzi nitaendelea nisomee macho. Nitakulipa macho yako."

Akacheka. "Macho hayalipwi, mwanangu. Shika kidole hicho vizuri, usije ukaniacha sina macho wala kidole."

"Nasema kweli, baba. Mimi ndiye."

"Wewe ndiye nani?"

"Mimi ndiye niliyerusha."

Samaki alikuwa mkononi mwangu, magamba yalikwisha zamani, nikaendelea kumpaa mpaka ngozi ikachanika. Siku ile ulikuwa na miaka mitano, Rukia. Sasa una kumi na minane. Miaka yote hiyo umelibeba neno hilo, na mimi nilijua kwamba umelibeba, na nilijua pia kwamba si lako peke yako. Sehemu kubwa ni yangu. Ngoja nikueleze ilivyokuwa, na nianze mbali kidogo, kwa sababu bila ya mwanzo wake utadhani mamako alikuwa mjinga tu. Ujinga ungekuwa nafuu.

Unajua kwamba niliacha shule kidato cha pili. Hujui kwamba kemia ndiyo iliyokuwa somo langu. Mwalimu wetu alikuwa kijana wa bara, akiogopa bahari hata akivuka kwa boti hufumba macho, na sisi tukimcheka. Maabara ilikuwa kabati moja lenye kufuli. Siku moja alitia mrututu, ile chumvi ya shaba, ndani ya maji, yakawa buluu, akazamisha msumari. Tulipoutoa baadaye umeota wekundu wa shaba. Akasema chuma kimeifukuza shaba mahali pake, na shaba imekuja kukaa juu ya msumari kwa kukosa pa kwenda. Wenzangu waliona msumari mchafu. Mimi sikulala. Nilikuwa nimegundua kwamba vitu vina mambo yao, vinashikana na kuachana na kufukuzana, na mtu akisoma anaweza kuyajua kabla hayajatokea.

Kisha akatupeleka kwenye tanuri la chokaa, lile la nyuma ya mji. Alisimama mbele ya rundo la mawe ya matumbawe na kuni za mikoko akatuambia, "Kemia hii hapa kwenu ni ya zamani kuliko kitabu changu." Akatueleza kwamba jiwe likichomwa sana linatengana: hewa inatoka inakwenda zake, linabaki jiwe jepesi, jeupe, lenye njaa. Ukilitia maji linaungana nayo kwa hasira, linachemka bila kiberiti, na huko ndiko watu wa chokaa wanakoita kuizima. Halafu ukiipaka ukutani, taratibu, mwezi kwa mwezi, inaivuta tena ile hewa iliyoikimbia na kuwa jiwe upya. Niliporudi nyumbani niliugusa ukuta wetu kama mtu anayegusa mnyama.

Siku hiyo hiyo palikuwa na kijana anayepanga kuni, mweupe kwa vumbi mpaka kope. Akatuambia, "Wanafunzi, simameni mbali, msije mkapikwa mkawa kuta." Huyo ndiye babako. Sikulazimishwa na mtu kuolewa, na usimwache mtu akakuhadithia hivyo. Mamangu mzazi alilia nimalize shule. Mimi nilitaka. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nikaona naweza kuichukua kemia nikaenda nayo nyumbani kwa mume, kwani si ndiyo kazi yake? Mwaka uliofuata nikakuzaa wewe.

Somo la mwisho nililolipata kabla ya kuondoka shuleni lilikuwa la asidi na besi. Mwalimu alichanganya asidi ya chupa na besi ya kabatini ndani ya kikombe, akasema: "Hizi mbili zikikutana zinauana ukali. Kinachobaki ni chumvi na maji." Nikaiandika sentensi hiyo na kuipigia mstari mara mbili. Akasema na asidi mnazo majumbani, ndimu ni asidi, siki ni asidi. Na besi mnazo, chokaa ni besi. Hilo nalo nikaliandika. Kisha akasema, "Njooni mguse kikombe." Tukapanga mstari tukagusa. Kilikuwa na moto. Tulicheka, maana hakukuwa na jiko. Yule aliyekuwa mbele yangu alijifanya ameungua, akapiga ukelele.

Hilo la moto sikuliandika. Niliona ni mchezo, halitaulizwa kwenye mtihani.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe. Nitakwambia mambo ambayo unayakumbuka na mambo ambayo hukuyaona kwa udogo wako.

Watu wa chokaa wana desturi yao. Kabla hawajaanza kuizima, hujaza mtungi maji safi ya kisima, wakauweka kivulini hatua chache kutoka shimo wanamoizimia, kata ya kuchotea juu yake. Hayo hayanywi mtu, awe na kiu namna gani. Ni maji ya macho. Rafiki yake babako, Shee, mwaka uliotangulia alirukiwa na chokaa usoni, wenzake wakamlaza chini wakammiminia mtungi mzima, wakaenda kisimani wakaleta mwingine, wakammiminia tena huku anatukana. Macho yalikuwa mekundu siku saba nane, kisha akarudi kazini. Mpaka leo anasoma msahafu bila miwani. Nilikuwa nalijua hilo. Nililiona kwa macho yangu.

Siku ile mimi na wewe na bibi yako, Bi Zena, tulimpelekea babako chakula. Wenzake walikuwa wamekwenda msikitini kusali Adhuhuri. Yeye alibaki asali baadaye, kwa sababu chokaa ikishaanza kuchemka haiachwi peke yake. Alikuwa ameinama na mti mrefu anakoroga. Wewe ulikuwa unapenda ile sauti ya jiwe likiingia majini. Na nikwambie jambo ambalo nadhani hukumbuki: babako mwenyewe ndiye aliyekufundisha mchezo huo. Alikuwa anakupa kijiwe kidogo cha chokaa, kama kokwa ya tende, unakitupa kwenye kidimbwi cha pembeni, kinapiga "tsss", unaruka kwa furaha. Hakuna aliyekwambia kwamba kidimbwi ni halali na shimo ni haramu. Mtoto wa miaka mitano angelijuaje? Ukaokota jiwe kubwa, ukalibeba kwa mikono miwili, ukalirusha shimoni mbele yake.

Ulirusha, ndiyo. Sitakudanganya ili ulale vizuri. Chokaa iliruka ikampiga usoni.

Hakupiga kelele. Alisema "Aa," kama mtu aliyekumbuka kitu alichokisahau nyumbani. Akaacha mti, akajishika uso.

Bibi yako alifika kwanza. Mama mtu mzima, na magoti yake yale, alifika kabla yangu na kata mkononi imejaa.

"Mai! Mlaze chini! Mato yanaungua, mtiye mai!"

Nikamshika mkono.

"Mama, usimtie maji! Maji ndiyo yanayoichemsha!"

"We mwana, niwata mkono! Mtungi huu umewekewa kazi gani?"

"Mimi nimesoma hii, Mama! Hii ni besi. Inataka asidi."

Alinitazama. Nimeoga mara ngapi tangu siku ile, Rukia, na mtazamo ule haujanitoka. Alikuwa mke wa mtu wa chokaa na mamake mtu wa chokaa. Alijua. Lakini alikuwa hajui kusoma, na mimi nilikuwa mkamwana aliyefika kidato cha pili, yule aliyekuwa akiwasomea barua za watu na maandishi ya dawa. Nyumba ile iliheshimu shule kama wengine wanavyoheshimu ukoo. Akaishusha kata. Maji yakamwagika mchangani.

Ndani ya kikapu cha chakula mlikuwa na ndimu za samaki. Nilizikata kwa meno. Nikamlaza babako mapajani mwangu, nikayafungua macho yake kwa vidole na kuyakamulia ndimu, jicho la kulia, jicho la kushoto, moja baada ya nyingine mpaka zikaisha.

Hapo ndipo alipopiga kelele.

Nami nikamwambia, "Vumilia, Athmani, inaua ukali. Vumilia, yatabaki chumvi na maji." Nikayafunga kwa leso yangu, nikakaza. Nilikuwa nimetulia. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Sikuwa na kiherehere hata kidogo. Nilikuwa mtu anayejibu swali la mtihani na jibu analo.

Wenzake waliporudi, neno la kwanza la Shee lilikuwa, "Mmemwosha?" Akaifungua leso, akamtia maji ya mtungi wote. Lakini muda ulikuwa umekwenda, muda wa mtu kwenda msikitini, kutawadha, kusali na kurudi. Na boti nayo ilibidi ingoje maji yajae. Tulifika hospitali ya Amu jua limekuchwa.

Daktari aliuliza, "Mlimwosha kwa maji mara tu ilipomwingia?"

Nikasema, "Ndiyo."

"Maji mengi?"

"Mengi."

Aliandika. Akauliza tena, kama mtu ambaye hesabu yake haiji: "Hamkumtia kitu kingine chochote?"

"Hatukumtia."

Bibi yako alikuwa amekaa kwenye benchi pembeni yangu, tasbihi mkononi. Alisikia kila neno. Hakufungua kinywa. Alipokufa miaka mitatu iliyopita, alikuwa hajamwambia mtu, na alikuwa hajanitupia neno hata siku moja, si kwa hasira wala kwa mzaha. Watu wakimwuliza alijibu, "Ni kadari ya Mngu." Nilikuwa nikitamani anitukane.

Baadaye, kwenye hospitali kubwa ya Mombasa, wakati babako alikuwa hawezi tena kubagua ila mwanga na kiza, nilimuuliza muuguzi mmoja kwa njia ya kuzunguka. Nikasema kwetu kuna watu hutia ndimu, je, ndimu haiui chokaa? Akaniambia, dada, jicho halina haja ya vita viwili. Asidi na besi zikikutana zinatoa moto, na moto ule unatokea ndani ya jicho. Na ndimu yenyewe inaunguza. Kinachotakiwa ni maji, mengi mno, upesi mno, yaondoe kila chembe, hata kama unaona yanachemka. Akaendelea na kazi zake. Nilisimama pale kwenye ujia, na kikombe cha mwalimu nikakihisi mkononi mwangu, kile kikombe cha moto tulichokicheka.

Sijui kama maji yangemwokoa kabisa. Nataka uwe na haki hata katika hili. Huenda angepoteza jicho moja. Huenda yote mawili. Hakuna daktari aliyenihakikishia, kwa sababu hakuna daktari niliyemwambia ukweli. Lakini Shee anaona, na Shee aliingiwa na chokaa ile ile.

Hilo ni kosa la kwanza, na kwa hilo nimeomba maghufira sijda nyingi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nilidhani namwokoa mume wangu. La pili ni baya zaidi, kwa sababu nililifanya akili yangu ikiwa timamu, na nililifanya kwako.

Tuliporudi kutoka Amu, majirani walijaa ukumbini. Wakauliza, "Imekuwaje?" Nikasema, "Rukia alirusha jiwe shimoni." Nikakoma hapo.

Ilikuwa kweli. Hakuna aliyeweza kuniambia nimesema uongo. Nililitoa lile neno la kweli nikalisimamisha mlangoni, ili mtu asiingie ndani kuona lingine. Wewe ulikuwa umekaa kwenye kona na mkate mkononi, na ukaona watu wazima wote wanageuza nyuso kukutazama. Ukauweka mkate chini. Hukusema neno kwa siku nne. Nilijiambia mtoto atasahau.

Haukupita mwezi, watoto wa mtaani wakakuita Rukia Chokaa. "Rukia Chokaa, usinitazame, nitapofuka!" Niliwafukuza kwa fimbo, mimi, mwenye neno la kuwanyamazisha. Ulipofika miaka sita ulikuwa ukimshika mkono babako kumpeleka msikitini, unamngoja nje na viatu vyake kifuani. Watu wakasema, "Mashallah, mtoto huyu ana huruma." Mimi nilikuwa najua si huruma. Mtoto mwenye huruma hucheza pia. Wewe hukucheza.

Na nyumba zako? Ulikuwa unapima kila nyumba ya mji huu kwa kamba za babako, unachora kwa makaa sakafuni, hapa daka, hapa ukumbi, hapa ndani, mpaka nakufokea kwa uchafu. Mafundi walikuwa wakikuita uwashikie kamba kwa kuwa jicho lako halikosei. Ulikuwa unasema utakuwa mchoraji wa majumba. Mara siku ya kujaza fomu ukaandika uuguzi. Mwalimu wako aliniita akaniuliza kwa nini, nikamwambia, "Ameamua mwenyewe." Hilo nalo lilikuwa neno la kweli la namna ile ile.

Mwaka jana ulipokuwa ukijiandaa na mtihani wa kemia, ulimgeuza babako kuwa mwanafunzi wako. Unasoma kwa Kiingereza, unamgeuzia kwa lugha yetu.

"Aina za mimenyuko, baba. Kuna muungano, vitu viwili vinakuwa kimoja."

"Kama ndoa."

"Kuna mtengano, kimoja kinavunjika kinakuwa viwili."

"Kama ndoa."

"Baba! Kuna wa kufukuzana, kimoja kinamtoa mwenzake na kukaa pake."

"Huyo mke wa pili. Mtihani huu naupasi."

Mlicheka mpaka mimi nikacheka. Kisha ukasema, "Na kuna wa asidi na besi," na mimi nikainuka kwenda kufukuza kuku ambao hawakuwepo.

Unataka nasaha kutoka kwa mama wa namna hii? Sina nyingi. Nilichokipata ni hiki, nacho nilikipata kwa macho ya mtu mwingine. Kule uendako, ama ukasomee uuguzi ama jingine, watakufundisha mambo kwa sentensi fupi za kupigia mstari. Ziandike. Lakini andika pia lile ambalo watu wanalicheka na kulipita. Na ukimwona mtu asiyejua kusoma amekimbilia kitu kabla yako, muulize kwanza kwa nini, hata kama una haraka. Mimi nilikuwa na nusu ya elimu, na nilijivunia ile nusu kana kwamba ni nzima. Mtu asiye nayo kabisa angelichukua maji ya mtungi.

Na kosa ukilifanya, maana utalifanya, liseme siku ile ile lingali bichi. Mimi nilingoja lipoe. Halikupoa.

Nilikuwa nimepanga kuikunja barua hii na kuitia ndani ya nguo zako, uisome ukiwa umeshavuka. Nimefika hapa nikaona ni ule ule ujanja wangu wa siku zote: niseme, kisha bahari ikae kati yetu usiweze kunijibu. Na babako je? Wewe usome, yeye aendelee kutojua ni nini mkewe alimfanyia? Kwa hivyo nimeacha kalamu, nimemwita ndani, nimemsomea yote tangu mwanzo.

Nimerudi kuandika. Maghribi imeadhiniwa.

Alisikiliza mpaka mwisho na kamba yake mapajani. Nilimngoja aseme lolote, hata talaka. Akaniuliza, "Umemaliza?" Nikasema nimemaliza. Akasema, "Haijamalizika. Kuna sehemu yangu. Andika."

Haya ni maneno yake, ninayaandika kama alivyoyatamka:

"Rukia, mimi nilikuwa najua. Macho yalikuwa yanaungua, lakini pua ilikuwa nzima, na masikio. Nilimsikia mamangu anasema maji na mamako anasema hapana. Nilijua siku ile, na nilijua hospitali alipojibu daktari, kwa sababu nilikuwa nimelala pale pale. Nilinyamaza kwa kuwa nilimwonea huruma mke wangu. Alikuwa mtoto naye. Nilijiambia kwamba nikilisema atakufa kwa aibu, na mimi kipofu nitabaki na nani? Lakini sikujua kwamba wewe umelichukua. Nilidhani watoto husahau. Juma lile uliponiambia 'mimi ndiye', nikaogopa nikifungua kinywa itatoka yote. Nilimwonea huruma mamako nikasahau kumwonea huruma mtoto. Jiwe lile ni mimi niliyekufundisha kulirusha. Kama kuna wa kunilipa macho, tumetangulia wawili, mimi na mamako, na sidai. Wewe hudaiwi."

Akaniambia niandike pia kwamba unakata kucha vibaya.

Nilimuuliza, nimpe lini? Kesho bandarini, ama akishafika? Akasema, "Mpe leo. Kabla hajapanda. Ili kama anataka kukataa kupanda, akatae."

Kwa hivyo nitakupa mkononi ukiingia tu, na nitakaa papo hapo wakati unasoma. Sitakwenda jikoni. Ukitaka kunifokea, nifokee, sitakwambia shika adabu. Ukitaka kunyamaza siku nne, nyamaza, safari hii nitakaa nawe kwenye kona. Sikuombi unisamehe leo. Mimi mwenyewe ningeombwa jambo kubwa hivi usiku wa kuamkia safari, ningeirusha karatasi.

Nakuomba jambo moja tu, ufikirie kesho ukiwa umetua huo mzigo. Boti inaondoka maji yakijaa, saa mbili asubuhi. Kama ni kweli unaupenda uuguzi, panda, na utakuwa muuguzi mzuri, sina shaka. Kama ulikuwa unakwenda kununua macho ya babako, usipande. Tutakwenda wote watatu kwa mwalimu wako kumuuliza kuhusu uchoraji wa majumba, na nitamwambia mimi kwa nini ulikosea kujaza fomu. Mwaka mmoja ukipotea utapotea, umri wako ni mdogo.

Na ama upande, ama ukae, jambo moja halikungojei wewe. Kesho, nikitoka bandarini ama nikiwa sikwenda, nitapita nyumba zile zile zilizokuja ukumbini kwetu siku ile kuuliza imekuwaje. Nitabisha hodi mlango kwa mlango. Nitawaambia niliwajibu nusu.

Nasikia sauti yako kwenye kichochoro. Unacheka na mtu. Kwa mara ya mwisho kabla hujajua, nimekaa nakusikiliza tu.

Mamako,
Mwanaesha